Kabla hujashika jembe nyuma ya nyumba: udongo wa mjini, mboji na afya ya watoto wetu



Kila mwaka theluji ikishaondoka tunaona mambo yaleyale Louisville, Columbus, na hata Buffalo ambako baridi huchelewa kuaga. Wazee wetu na mama zetu wanaanza kutafuta jembe. Wanazunguka nyuma ya nyumba, wanapima kwa macho, na wiki inayofuata nyasi zimeshafyekwa, matuta yameinuka, na mbegu za mchicha (lengalenga kwa ndugu zetu wa Kongo) zimetoka kwenye kile kitambaa zilimofungwa tangu mwaka jana. Ni jambo la kufurahisha. Presha na kisukari vimetuingia tangu tuhamie huku, soda imekuwa maji ya kunywa, na mzee asiyejua Kiingereza anashinda ndani akitazama ukuta. Mzee huyo akipata tuta moja la kupalilia, mwili unafanya kazi na moyo unatulia. Mboga anayoivuna jioni inaliwa jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo sitetei watu waache kulima. Nataka kusema jambo moja ambalo najua wengine hawatalipenda: katika miji hii mitatu, usilime udongo uliokuta nyuma ya nyumba mpaka uwe umeujua. Na kama huujui, au umeujua ukakuta ni mbaya, tengeneza udongo wako mwenyewe juu yake. Ndiyo maana nasema mboji ije kwanza, jembe lifuate.

Jibu ninalolitarajia ni hili: "Mimi nimelima tangu nikiwa mtoto, nani wa kunifundisha udongo?" Ni kweli kabisa. Watu waliotoka Kivu, Kigoma, Burundi na bonde la Juba hawahitaji darasa la kilimo. Wengine walitoa mboga hata Nyarugusu na Kakuma, mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya foleni. Lakini udongo wa shamba la kule na udongo wa mjini hapa hawakuzaliwa pamoja. Kule udongo ukiwa mbaya unakuambia. Mahindi yanadumaa, majani yanakuwa ya njano, unahama. Huku udongo unaweza kuwa mweusi, laini, umejaa minyoo, mchicha ukasimama hadi kiunoni, na bado ndani yake mna sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo ni madini ya risasi.

Risasi ninayoisema ni yale madini yenyewe, ambayo zamani yalitiwa kwenye rangi za nyumba na kwenye petroli. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani ikakoma mwaka 1996. Watu wakadhani yamekwisha. Lakini madini hayaozi. Rangi iliyobanduka ukutani miaka 60 iliyopita ilidondoka chini, na moshi wa magari wa miaka hiyo ulitua kandokando ya barabara. Mpaka leo risasi hiyo iko palepale, katika inchi chache za juu, yaani hasa pale jembe linapofika.

Buffalo ndiko kwenye hali ngumu zaidi. Sehemu kubwa ya nyumba zake ni za mbao na zilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na nyingi kati ya hizo ndizo zenye kodi tunayoimudu, West Side na East Side. Nyumba imepakwa rangi, ikakwanguliwa, ikapakwa tena, kizazi baada ya kizazi. Ukanda wa futi chache kuizunguka, pale maji ya mvua yanapodondokea kutoka kwenye paa, ndio mbaya kuliko pote. Na ndiyo sehemu ambayo mama atapanda mboga, kwa sababu iko karibu na mlango na inapata joto la ukuta! Viwanja vitupu navyo visikudanganye. Kiwanja kitupu cha Buffalo mara nyingi ni mahali palipobomolewa nyumba, na vumbi la rangi yake limechanganyika na udongo uliobaki.

Louisville na Columbus hali inatofautiana mtaa kwa mtaa. Anayekaa kwenye nyumba ya miaka ya sabini upande wa Northland, Columbus, hayuko sawa na anayekaa Linden au Hilltop kwenye nyumba kongwe. Louisville vilevile, Portland na Smoketown ni mitaa ya zamani sana kuliko sehemu nyingi za kusini mwa jiji walikojaa watu wetu. Ila hata huko kusini usikisie. Gereji kuukuu moja iliyopakwa rangi mwaka 1940 inatosha kuharibu uwanja mzima.

Anayeona haya ni maneno ya wazungu waoga akumbuke Mombasa. Pale Owino Uhuru, mtaa wa mabanda, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilimwaga risasi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Watoto waliugua, mimba ziliharibika, na udongo wa kijiji ukawa ndio adui. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, ndiye aliyepiga kelele, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Wale ni Waswahili wenzetu, na hawakuona chochote ardhini mwao mpaka damu ilipopimwa.

Na hapa Marekani kuna habari ambayo kila familia ya wakimbizi ingepaswa kuambiwa siku ya kwanza uwanja wa ndege. Mwaka 2000, mtoto wa kike wa miaka 2 kutoka Sudan alifariki huko New Hampshire kwa sumu ya risasi, wiki chache tu baada ya familia yake kuwasili. Alikuwa amepangiwa nyumba ya zamani yenye rangi inayobanduka. Miaka michache baadaye, katika jimbo hilohilo, watoto wakimbizi, wengi wao Waafrika, walipimwa mara ya pili baada ya kukaa miezi kadhaa. Baadhi ambao damu yao ilikuwa safi siku walipofika walikutwa na risasi. Hawakuja nayo. Waliipata humu humu, kwenye nyumba walizopewa, kwenye vumbi na udongo wanaochezea. Tangu hapo Kituo cha Kudhibiti Magonjwa, CDC, kinashauri mtoto mkimbizi apimwe akifika, kisha apimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6.

Risasi inafanya nini? Kwa mtoto inagusa ubongo. Anachelewa kusema, hatulii darasani, anasahau, anakuwa mkali, na mwalimu anasema ni tatizo la lugha. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au asiyekula vizuri huinyonya zaidi. Kwa mama mjamzito inapita kwenda kwa aliye tumboni. Hapa niseme na kina mama wanaotamani udongo wakati wa ujauzito: tafadhali usile udongo wa bustani ya huku, hata kidogo. Na ile pemba inayotumwa kutoka nyumbani au kuuzwa kwenye maduka yetu nayo si salama. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ilitoa onyo kuhusu udongo wa kula wa namna hiyo kutoka Afrika Magharibi baada ya kukuta risasi na arseniki ndani yake.

Sasa, kwa nini nasema sisi hasa? Jirani Mmarekani naye ana bustani na hana wasiwasi. Mtazame anachopanda: nyanya, pilipili hoho, matango. Mimea inayoliwa matunda huchukua risasi kidogo mno. Sisi tunakula majani. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, sukuma wiki, mlenda. Majani huchukua zaidi, na kubwa kuliko hilo, mvua inayarushia matope na vumbi linayagandia. Mizizi nayo, viazi na karoti, inakaa ndani ya udongo wenyewe. Kuchemsha hakuondoi risasi, kwa sababu si kijidudu. Utapika masaa mawili na bado itakuwemo. Pia mama wa kwetu analima na mtoto mgongoni au pembeni yake, na mtoto anatia mikono mdomoni. Kwa kweli njia kubwa ya sumu hii ni vidole vya mtoto kuliko hata sahani ya mboga.

Basi tuanze na kupima. Kila kaunti ina ofisi ya ushauri wa kilimo inayoitwa Cooperative Extension, ambayo ni sawa na ofisi ya bwana shamba kule kwetu. Louisville iko chini ya Chuo Kikuu cha Kentucky, Columbus chini ya Ohio State, Buffalo chini ya Cornell. Wapigie, waulize sampuli ya udongo inachukuliwaje na inapelekwa wapi. Na hapa sikiliza vizuri: kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi risasi. Kitakuambia uchachu wa udongo na mbolea inayopungua, utashangilia, kumbe hukupima kitu ulichokifuata. Lazima useme kwa mdomo wako kwamba unataka kipimo cha risasi. Chota udongo sehemu kadhaa za bustani, inchi 6 kwenda chini, changanya kwenye ndoo safi, kausha, peleka. Sehemu ya karibu na ukuta ipime peke yake.

Majibu yanakuja kwa kipimo cha ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni. Udongo ambao haujaguswa na mji mara nyingi huwa chini ya 50. Mwaka 2024 Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Msimamo wangu mimi ni mkali kidogo kuliko huo, kwa sababu ya hayo majani tunayokula. Chini ya 100, lima, tia mboji nyingi, nawa mikono. Kati ya 100 na 200, panda nyanya, bamia, biringanya, maharage na mahindi ardhini, mchicha upeleke kwenye sanduku. Zaidi ya 200, usilichimbe kabisa eneo hilo, na usimruhusu mtoto acheze pale penye udongo mtupu. Funika kwa nyasi au vipande vya mbao, kisha jenga bustani juu yake.

Hapo ndipo inapoingia mboji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona watu wengi wakiifanya kwa mazoea ya nyumbani.

Tuseme ukweli, wengi wetu hatukuwahi kuitengeneza. Maganda na taka za jikoni zilitupwa shinani mwa migomba, jua na mvua vikamaliza kazi. Buffalo lundo la namna hiyo linaganda kama nyama ya kwenye friza miezi ya baridi, na likiyeyuka linanuka na kuita panya wa mtaa mzima, halafu jirani anapiga simu City Hall. Huku lazima ulipange. Sheria kubwa ni moja: kwa kila ndoo moja ya vitu vibichi na vyenye maji, weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Vibichi ni maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, majani ya chai, unga wa kahawa uliokwisha kutumika, magugu yasiyo na mbegu. Vikavu ni majani makavu ya miti, maboksi ya karatasi yaliyochanwachanwa bila plasta, na majani ya mahindi ya mwaka jana. Ukizidisha vibichi litanuka. Ukizidisha vikavu litakaa tu bila kuoza. Unyevu uwe kama sponji uliyokwisha kuikamua.

Lundo liwe futi 3 kwenda juu, futi 3 upana, futi 3 urefu. Dogo kuliko hapo halishiki joto. Lizungushie mbao au pallet, na chini tandika wavu wa chuma wenye matundu madogo ili panya asichimbe kuingia. Chomeka fimbo ndefu katikati, ile ambayo mabwana shamba wa kwetu walitufundisha. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuikamata kwa muda mrefu, lundo linafanya kazi. Joto la nyuzi 55 za Selsiasi na kuendelea ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu. Fimbo ikipoa, geuza lundo, cha nje kiende ndani. Ukigeuza mara kwa mara wakati wa kiangazi unaweza kupata mboji kwa miezi 3 hadi 6. Mvivu atangoja mwaka, na wa Buffalo ahesabu mwaka hata kama si mvivu.

Majani makavu ni mtaji wa bure. Oktoba na Novemba majirani wanayafunga kwenye mifuko ya karatasi na kuyaweka barabarani. Gonga mlango, omba, watafurahi. Yaweke makavu mahali pasiponyeshewa na utakuwa na cha kuchanganyia maganda ya jikoni majira yote ya baridi. Uyaepuke majani ya mti uitwao black walnut, ambao ni mwingi Kentucky na Ohio. Una kemikali inayodhuru nyanya na biringanya. Ikioza vizuri inaisha nguvu, lakini ya nini usumbufu wakati majani mengine yamejaa?

Vya kutotia ni hivi: mifupa, vichwa vya samaki, dagaa, mafuta, mabaki ya ugali na pilau (panya hao!), kinyesi cha mbwa na paka, nepi za mtoto, majivu ya makaa ya mawe au ya mbao zilizopakwa rangi. Majivu ya kuni safi, konzi chache hazina neno. Nyasi za uwanja zilizokatwa ni nzuri sana, ila angalia kwanza kama kuna vile vibendera vidogo ambavyo kampuni za kupulizia dawa huvichomeka. Ukiviona, ziache.

Kuna mazoea mawili ya nyumbani ambayo huku yana hatari. La kwanza ni samadi. Louisville ni nchi ya farasi, na mwenye zizi atakupa samadi bure hata akusaidie kupakia. Lakini baadhi ya malisho hupigwa dawa za magugu ambazo hupita tumboni mwa farasi, hupita hata kwenye mboji, na bado zina nguvu ya kuua nyanya na maharage yako. Muulize mwenye zizi nyasi zake zimepigwa nini. Kisha jaribu mwenyewe: panda maharage matatu kwenye kopo lenye hiyo mboji na matatu kwenye udongo ulio salama. Baada ya wiki tatu, kama ya kwanza yamejikunja majani kama ngumi, usiitumie. Na samadi mbichi isiyopita kwenye lundo la moto isiingie bustanini chini ya siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo. Kuhara kwa mtoto mdogo si mchezo.

La pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linafanywa na watu wenye ujuzi. Kule kwetu tulifundishwa kupanga mboji kwa matabaka: nyasi, samadi, kisha tabaka la udongo. Basi mtu anachota udongo palepale pembeni ya ukuta wa nyumba ya mwaka 1915 na kuutandaza kwenye lundo. Ameichukua risasi kwa mkono wake na kuipeleka kwenye sanduku alilolijenga ili kuikimbia! Lundo la huku halihitaji udongo kabisa, wadudu wa kuozesha wanakuja wenyewe na majani. Na lundo lenyewe likae mbali na kuta na gereji kuukuu.

Sanduku sasa. Lenye futi 4 kwa futi 8 na kina cha inchi 8 linajazwa na udongo kama futi 21 za ujazo. Lundo lako la futi 3 kila upande likishaoza linabaki nusu au pungufu, hivyo mboji ya nyumbani peke yake haitajaza, na wala isijaze. Mboji tupu inashuka, na chumvi zake huzidi. Nunua udongo safi wa juu, muulize muuzaji umetoka wapi na kama umepimwa, uchanganye sehemu mbili za udongo kwa moja ya mboji. Chini tandika kitambaa cha bustani kinachopitisha maji, ili mizizi na udongo wa chini visikutane. Mbao ziwe mpya, zisizo na rangi. Mbao kuukuu za uani zilizowekwa dawa kabla ya 2004 mara nyingi zina arseniki, na mataruma ya reli yana kemikali zake. Mboji ongeza inchi moja au mbili kila mwaka. Hata ukilima ardhini, mboji inaifunga risasi kiasi fulani isiingie kwenye mmea kirahisi, hasa udongo ukiwa si mchachu. Inapunguza. Haiondoi.

Gharama? Najua. Mbao na udongo ni pesa, na nyumba ni ya kupanga. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na iwe kwa maandishi. Umkumbushe pia ile karatasi uliyosaini siku ya mkataba: kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya nchi nzima inamtaka mwenye nyumba aseme anachokijua kuhusu rangi ya risasi kabla hujasaini, na akupe kijitabu chake. Wengi tulisaini bila kusoma. Aliye ghorofani atumie ndoo za plastiki za galoni 5 zilizobebea chakula, azitoboe chini. Ndoo nne za mchicha zinalisha nyumba.

Na wanaotaka shamba hasa, wasing'ang'anie uani. Louisville mpango wa Common Earth Gardens wa Catholic Charities kwa miaka mingi umewagawia wakimbizi sehemu za kulima. Karibu na Buffalo, huko Orchard Park, kuna Providence Farm Collective iliyoanza mwaka 2017 na Wasomali Wabantu, na humo watu wamelima mahindi na mboga za kwao kwenye ardhi ya shamba. Columbus waulizeni watu wa Extension wa kaunti ya Franklin.

Kuhusu tarehe nitasema kwa ufupi. Mchicha haupendi udongo baridi. Louisville wenyeji hungoja Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Columbus katikati ya Mei. Buffalo ngojeni Memorial Day ipite, hata kama jua la Aprili linawashawishi. Sukuma wiki hutangulia mwezi mzima na haijali baridi ya vuli. Matembele ni ya Juni.

Wakati wa kazi, viatu vya bustani vibaki nje. Hili kwetu si geni, tunavua viatu mlangoni siku zote. Watoto wanawe kabla ya kula. Majani ya chini kabisa, yaliyorukiwa matope, yatupe, mengine yaoshe kwenye maji mara mbili tatu.

Na kama umekuwa ukilima kwenye udongo usioujua miaka yote hii, usingoje majibu ya udongo ili umshughulikie mtoto. Mtoto aliye kwenye Medicaid anatakiwa kupimwa damu kwa risasi akiwa na miezi 12 na tena miezi 24, na kama alipitwa, apimwe kabla hajatimiza miaka 6. Jimbo la New York linataka watoto wote wapimwe wakiwa na mwaka 1 na miaka 2. Ukienda kliniki sema hivi hivi, "lead test", na omba mkalimani ni haki yako. Mwambie daktari kwamba mnalima uani, na kama mnatumia wanja au pemba mwambie pia. Usikubali kuambiwa "yuko sawa." Uliza namba. Tangu mwaka 2021 CDC inahesabu kwamba 3.5 na kuendelea ni juu ya kawaida na mtoto afuatiliwe. Iandike namba hiyo na tarehe yake, na uende nayo mtakapohama mji, kwa maana sisi tunahama sana, na faili la mtoto mara nyingi linabaki nyuma.